Pua ya Dada Yangu

Dada yangu ni mwoga. Nasema hivyo nikimpenda, na hata akiwepo nasema hivyo hivyo. Anaogopa ngazi, anaogopa mbwa hata aliyefungwa, na akipanda lifti hufumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Lakini kuliko vyote anaogopa maji yaliyoingia mahali ambapo hayakualikwa. Akikaribishwa kwa watu hutazama dari kwanza, wenyeji baadaye. Akiona doa la kahawia juu yake, atahamisha kiti huku akisingizia jua.

Uoga huo ndio uliomlisha. Amefanya kazi miaka mingi kwenye kampuni ndogo ya kukausha majengo. Bomba likipasuka ghorofani, paa likivuja juu ya duka, mvua ikiingia ofisini, wanaitwa wao. Wanavuta maji, wanang'oa mazulia, wanawasha feni na mashine za kunyonya unyevu, kisha wanatafuta ukungu. Bosi wao ana utani wake mmoja ambao hachoki kuurudia: "Usipoziba ufa, utatuita sisi."

Hapo kwenye kutafuta ndipo dada alipopatia jina. Ukungu haukai sebuleni ukakusalimia. Unakaa nyuma ya ubao, chini ya vigae, juu ya dari, na siku utakapouona kwa macho ujue umeshajenga na kuhamia. Dada alikuwa akiunusa. Alisimama katikati ya chumba, akageuka polepole, kisha akanyoosha kidole: "Vunjeni hapa." Wanavunja, wanaukuta. Wakamwita Mama Pua, na jina likamfuata hadi mtaani.

Kwenye kampuni yao ikawa sheria kwamba hakuna anayetangulia kuingia. Mafundi wanabaki nje, hakuna kuvuta sigara, hakuna kujipaka manukato asubuhi ya kazi, na bosi mwenyewe anasimama mlangoni mikono nyuma akisema, "Mama Pua, karibu." Mwenye nyumba anashangaa kuona wanaume wazima wenye nyundo wakimngoja mwanamke mfupi amalize kuvuta pumzi. Dada alikuwa akinisimulia hayo huku akicheka, na mimi nilikuwa nikimwambia asilete maringo, pua hata mbuzi anayo.

Kisha akapata mafua. Si mafua ya kufuta na leso. Yalimlaza kitandani hadi tukaogopa. Alipoinuka, alirudi kazini, akarudi jikoni, akarudi kwenye vicheko vyake. Kilichokuwa hakijarudi ni harufu. Kitunguu kikiungua hasikii. Sabuni, mafuta ya taa, nepi ya mjukuu wake, vyote vilikuwa kama maji. Alingoja. Akajifukiza, akanywa kila alichoambiwa, akangoja tena. Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani, ikiwa watu wote wanakuita Mama Pua?

Haya nilikuja kuyajua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe, na bado yananitia hasira hadi leo. Alinieleza alivyokuwa akiingia peke yake kwenye vyumba vya watu, mafundi wakingoja nje kwa adabu, na yeye amesimama katikati. Anavuta pumzi. Hakuna kitu. Anavuta tena. Hakuna. Basi anahangaika upesi upesi kabla hawajashtuka: analaza tochi ukutani aone palipovimba, anagusa kwa mgongo wa mkono atafute ubaridi, anagonga kwa kifundo cha kidole asikie palipolegea. Kisha ananyoosha kidole na kuomba Mungu. Mara nyingi alipatia, maana uzoefu nao ni pua ya pili. Lakini kila alipotoka kwenye jengo aliondoka na hofu yake, na hofu ya kila jengo alikuwa akiiweka juu ya ile ya jana.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Nyumbani kwake dada hakuwahi kupima ukuta hata mmoja. Alikuwa akiishi na mkwe wake, mke wa mwanawe, pamoja na mjukuu wa pekee. Mwanawe yuko mbali kikazi, hurudi akipata likizo. Huyo mkwe ni binti mpole, mwenye adabu ya kupitiliza. Ukimkanyaga mguu atakuomba radhi yeye. Mjukuu hakufanana naye hata kidogo. Mtoto yule hakuwa akifunga mdomo. Kwa nini mwezi unatufuata? Kwa nini samaki hapigi chafya? Tukambandika jina, Bi Maswali.

Bi Maswali akaanza kukohoa. Kwanza asubuhi tu, baadaye mchana kutwa. Kifua kikawa kinapiga filimbi. Zahanati wakampa dawa ya maji, ikasaidia, kisha ikaacha kusaidia. Ndipo mkwe aliponipigia simu. "Mama mdogo, ukipata nafasi njoo umwone mtoto." Alisema hivyo tu, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza huku akichungulia mlango. Nilifunga duka langu la vitambaa nikaenda.

Harufu ilinipokea kabla ya watu. Nilipofungua tu mlango ilinikaba, harufu ya magunia yaliyolowa yakasahaulika ghalani. Mkwe alikuja kunipokea mkoba.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini humu ndani?"

Akashusha macho. "Mtoto leo hajambo kidogo."

"Sijauliza mtoto. Nauliza hii harufu."

Alitazama upande wa jikoni, alikokuwa dada, kisha akatazama sakafu. Mimi sina subira na watu wanaozungumza na sakafu, nikampita.

Mtoto alikuwa kitandani chumbani kwake, ameegemea mto. Aliniona akatabasamu, lakini hakuniuliza kitu. Hapo ndipo hofu iliponishika kwa mara ya kwanza. Mtoto yule kuniona bila kuniuliza nimemletea nini, na kwa nini, na kwa nini si kingine! Shingo yake ilikuwa inaingia ndani kila akivuta hewa.

Dada akatokea na kitambaa cha jikoni begani. "Umefika? Kaa, chai inachemka."

"Chai baadaye. Dada, nyumba yako inanuka ukungu."

Akasimama pale pale. "Harufu gani?"

"Harufu gani? Wewe ndiye unaniuliza mimi? Inanuka tangu mlangoni! Humu chumbani ndiyo usiseme."

Nimemwona dada yangu akiogopa mara nyingi. Ni mchezo wetu tangu utotoni, mimi nikimtisha na yeye akipiga kelele. Safari hii hakupiga kelele. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo sana, "Inatoka wapi?"

"Nitajuaje? Mwenye pua ni wewe."

"Mdogo wangu, nakuomba. Nusa uniambie inatoka wapi."

Nilielewa. Hakuhitaji kuniambia neno lingine. Nilijua kwamba katika nyumba ile mlinzi alikuwa amelala siku zote hizo na mlango uko wazi.

Akanishika mkono, akanizungusha chumbani. Hapa? Hapana. Hapa? Kidogo. Nilipiga magoti kama mtu aliyepoteza pete. Dirishani hewa ilikuwa nzuri. Kadiri nilivyosogea upande wa pili, ule unaopakana na bafu, ndivyo koo lilivyozidi kuniwasha. Nikafika kwenye kitanda cha mtoto. Nikainama hadi kwenye mto wake.

"Hapa," nikasema.

Mkwe akamnyanyua mtoto bila kuambiwa, akampeleka sebuleni. Dada akaweka mgongo wa mkono ukutani. "Pakavu," akasema. Akaweka na mkono wa pili. "Pakavu kabisa." Kisha nikaona jambo linamjia. Ule ukuta wa mbao za jipsamu aliupaka rangi ya mafuta mwenyewe, ili mtoto akiuchora usafishike. Na yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wateja wake kila siku kwamba rangi ya mafuta inadanganya mkono. Maji yanaweza kuwa yamejaa nyuma yake na juu pakawa pakavu. Mkono unadanganywa, alikuwa akisema, pua haidanganywi.

"Nilimhamisha mimi," akasema. "Kitanda kilikuwa kule dirishani. Alipoanza kikohozi nikasema kule kuna baridi, nikamleta huku."

Nilitazama shimo dogo la kichwa cha mtoto kwenye mto.

Sasa, kuna jambo ambalo dada amewafundisha mafundi wote waliopita mikononi mwake. Kabla ya kuvunja ukuta wenye ukungu, watu wote watoke nje ya nyumba, siyo chumba cha pili, nje. Mlango uzibwe kwa karatasi ya nailoni. Vaa barakoa. Ukivunja ovyo, vumbi la ukungu linasambaa kila kona, na aliyekuwa anakula kidogo kidogo anakula sahani nzima. Amewahi kumfukuza fundi kazini kwa kosa hilo. Alikuwa anaijua sheria hiyo kama jina la mwanawe.

Hofu haina elimu. Alikimbia jikoni akarudi na nyundo na patasi, akapiga. Mlango uko wazi, dirisha liko wazi, hana hata kitambaa usoni. Na mimi nilisimama nyuma yake nikimhimiza, "Piga, piga!" Pigo la pili ubao ukaachia kama mkate uliolowa. Kipande kikubwa kikaanguka kwenye mto wa mtoto.

Nyuma kulikuwa kweusi. Sijui niseme vipi. Kulikuwa kweusi kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua changu, na weusi wenyewe ulikuwa na manyoya. Katikati lilipita bomba la bafu, na kwenye kiungo chake tone moja lilikuwa linajikusanya, linaanguka, jingine linajikusanya. Bila sauti. Hata ungeweka sikio usingelisikia. Vumbi likainuka likaning'inia hewani, kisha upepo wa dirishani ukalisukuma, nikalitazama kwa macho yangu likitoka mlangoni kuelekea sebuleni.

"Mama!" mkwe akapiga kelele. "Mama, hapumui!"

Alikuwa anapumua, lakini si pumzi ya mtu wa kuishi. Mbavu zilikuwa zinaonekana moja moja. Midomo imebadilika rangi. Hakulia, kulia kunataka hewa. Macho yake yalikuwa yametutumbulia sisi watu wazima, na hilo silisahau, maana alitutazama kama watu wenye kujua la kufanya.

Jirani mwenye gari hakuuliza kitu, aliwasha tu. Mkwe alikaa nyuma na mtoto mapajani, mimi nikiwa namshika miguu, sijui kwa nini, labda nilidhani akishikwa miguu hataenda popote. Dada alikaa mbele. Njia nzima alikuwa akigeuka nyuma na kusema, "Anaendelea?" Mkwe anasema, "Anaendelea, mama." Taa nyekundu. "Anaendelea?" "Anaendelea." Lori linageuza mbele yetu. "Anaendelea?" Safari hiyo mkwe hakujibu, na dada akaanza kupiga dashibodi ya gari la watu kwa viganja.

Hospitalini wakamchukua mikononi, wakamfunika pua na mdomo kwa kile kifaa cha hewa, wakatufungia mlango. Tukabaki kwenye benchi la ukutani. Kuna hofu ya kukimbia na kuna hofu ya kukaa. Ya kukaa ni mbaya zaidi. Mikono ya dada ilikuwa imejaa unga mweupe wa jipsamu na masizi ya ukungu, na hakuthubutu kujigusa wala kumgusa mtu.

"Mwanangu," akamwambia mkwe, bila kumtazama. "Mimi sisikii harufu. Tangu yale mafua. Sisikii chochote."

Machozi yakaanza kumshuka mkwe, na adabu yake yote ikawa inatetemeka.

"Mimi nilikuwa nasikia, mama. Toka zamani. Nikifungua mlango wa chumba cha mtoto nasikia. Nikasema mama anaingia humu kila siku, anamlaza, anamfunika. Kama kingekuwa kitu kibaya angesema. Nitamfundisha Mama Pua kunusa, mimi nani?"

"Na mimi," dada akasema, "nilikuwa nawaangalia nyuso zenu. Mkiingia chumbani nawaangalia. Nikawa nasema, kungekuwa na harufu wangekunja uso."

Nilitaka kuwazaba makofi wote wawili. Mmoja amenyamaza kwa heshima, mwingine kwa hofu ya kuvuliwa jina, na katikati yao mtoto amelazwa kichwa kwenye ukuta mbovu kila jioni, akafunikwa shuka na kubusiwa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikasema kwa sauti, na mara neno lile likaniogopesha mwenyewe. Nikalifuta mdomoni kwa mkono. Pale hapakuwa mahali pa kutaja kifo.

Baadaye dada alininong'oneza, "Na zile nyumba nilizosema ni salama?" Nikamwambia anyamaze. Hofu moja kwanza.

Daktari alipotoka alikuwa anakunja mikono ya koti, na sisi tulisimama wote watatu kwa mara moja. Akasema mtoto amefunguka kifua. Akasema tungechelewa kidogo tu, yeye angekuwa anatuambia maneno mengine. Akatuuliza ana pumu, nyumbani kuna vumbi, kuna moshi, kuna unyevu? Dada ndiye aliyejibu, na alijibu yote, na hakujitetea.

Tuliingia mmoja mmoja. Zamu ya dada ilipofika, nilichungulia. Bi Maswali alikuwa amevimba macho chini ya kile kifaa. Akaitazama mikono ya bibi yake.

"Bibi, kwa nini mchafu?"

Dada alikaa sakafuni pembeni ya kitanda, akalia hadi muuguzi akaja kumwinua.

Mtoto alipotoka hospitalini hakurudi pale. Mkwe alimpeleka kwa wazazi wake, na hakuna aliyemlaumu. Dada alikwenda kwa bosi akamweleza. Bosi alicheka kwanza, akidhani ni utani, kisha akaona uso wake akakaa chini. Wakarudi pamoja kwenye kila jengo alilokuwa amelipitisha tangu mafua, wakapima kwa mashine. Kila mlango dada alikuwa akingoja nje. Wakakuta ukungu kwenye ghala moja la viatu na chini ya sakafu ya ofisi moja. Hakuna aliyekuwa analala hapo, tukashukuru. Bosi hakumfukuza. Alimhamishia kwenye mashine za kukausha, na mafundi siku hizi wanaingia vyumbani wote kwa pamoja bila kumngoja mtu.

Kisha wakaja kwake. Wakaziba kwa nailoni, wakabomoa ukuta mzima, wakabadilisha bomba, wakasugua, wakawasha mashine zikanguruma hadi majirani wakachoka. Kipimo cha unyevu kikasema pakavu. Bosi akasema pakavu. Mimi niliyekuwa nimehamia hapo kumsaidia nikanusa kila kona nikasema safi. Dada hakutuamini hata mmoja. Pua iliyokaa ndani inazoea, akaniambia, wewe huna faida tena.

Akamwita mkwe.

Alikuja na mtoto, akamwacha na mimi kibarazani. Dada alikuwa amesimama sebuleni akikunja na kukunjua upindo wa nguo yake. Kupitia mlangoni nilikuwa naona na kusikia kila kitu.

"Ingia chumbani, funga mlango, unuse," dada akamwambia. "Ukitoka usiniangalie mimi usoni. Niambie tu."

Alikaa ndani muda. Mimi nilikuwa najua jibu lililo rahisi. Yule binti hajawahi kumpinga mama mkwe wake hata juu ya chumvi ya mchuzi. Mashine zimewashwa siku zote hizo, bosi amepitisha, mwanamke mzima amekonda kwa kungoja. Neno moja tu, pasafi, na kila mtu angelala. Nilijikuta naomba alitamke, na papo hapo naomba asilitamke.

Mlango ukafunguka. Alitoka akitazama pembeni.

"Mama," akasema. Akaanza upya. "Mama, bado. Nyuma ya lile kabati la nguo. Ni kidogo, lakini bado kunanuka."

Dada alifumba macho. Nilidhani ataanguka. Akamsogelea mkwe wake, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili kama anavyomshika mjukuu, akamwambia, "Ahsante, mwanangu. Mchukue mtoto mrudi kwenu. Nikimaliza nitakuita tena, na tena, hadi useme mwenyewe kwamba pasafi."

Niliwasindikiza hadi getini. Tulipofika tulisikia nyundo ikianza nyuma yetu.

"Bibi anafanya nini?" Bi Maswali akauliza.

"Anavunja ukuta," mama yake akamjibu, akamfunika pua kwa leso, akaongeza mwendo.